Ghala, Muscat: petroli ilipoacha kuwa rahisi

Tarehe 15 Januari 2016 wakazi wa Oman waliamka na kukuta bei mpya katika vituo vya mafuta. Lita moja ya petroli ya kawaida, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa kwa baisa 114, ilipanda hadi baisa 140. Petroli ya daraja la juu ilitoka baisa 120 ikafika 160, na dizeli ikatoka 146 ikafika 160.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, bei hizo zaweza kuonekana kama sadaka. Baisa elfu moja ndizo riali moja ya Oman, na riali hiyo imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1986, cha takriban dola 2 na senti 60. Kwa hiyo hata baada ya kupanda, lita ya petroli ya kawaida iligharimu senti zisizofika 40 za dola.

Lakini bei ya petroli haipimwi kwa kulinganishwa na ya jirani peke yake. Hupimwa pia kwa namna mji ulivyojengwa, kwa mshahara wa anayeinunua, na kwa watu wangapi wanaoutegemea mshahara huo. Katika eneo la Ghala, mjini Muscat, mambo hayo matatu yanakutana mahali pamoja.

Mji wa magari

Ghala iko katika wilaya ya Bausher, kusini mwa barabara kuu ya Sultan Qaboos, si mbali na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Muscat. Sehemu yake kubwa ni ya kazi: bohari, viwanda vidogo, magereji, maduka ya vipuri na vyumba vya maonyesho ya magari mapya. Upande wa milima kuna kijiji cha zamani na mitende, na katikati ya hayo yote kuna majumba ya kupanga yaliyojengwa katika miaka ya karibuni.

Muscat si mji wa duara wenye kitovu kimoja. Ni mji mrefu na mwembamba, uliobanwa baina ya milima na bahari, wenye urefu wa makumi ya kilomita kutoka Muscat ya kale hadi Seeb. Ulikua baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka, na ulikua kwa kufuata barabara. Hauna reli ya abiria. Katika miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 40, na mtu anayetaka kuvuka kwa miguu kutoka upande mmoja wa barabara kuu hadi wa pili aweza kutembea muda mrefu kabla hajaona daraja.

Mji wa namna hii uliwezekana kwa sababu petroli ilikuwa rahisi. Mtu aliweza kufanya kazi Ghala na kujenga nyumba Barka, kwenye pwani ya Batinah, ambako kiwanja kilipatikana kwa nafuu, na asione kuwa umbali ni gharama. Petroli ilipopanda, nyumba haikuweza kusogea.

Mafuta kushuka, petroli kupanda

Jambo ambalo wengi wa ndugu walioko Afrika Mashariki walishindwa kulielewa mwaka 2016 ni hili: bei ya petroli ilipanda Oman wakati ambapo bei ya mafuta ghafi duniani ilikuwa imeporomoka. Katikati ya mwaka 2014 pipa moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Ilipofika Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Huko Tanzania na Kenya madereva walikuwa wakipata nafuu. Oman walikuwa wakiongezewa.

Maelezo yake yamo katika hazina ya serikali. Oman ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta mwaka 1967, kutoka bandari ya Mina al Fahal iliyoko Muscat penyewe, na tangu hapo mapato ya mafuta na gesi ndiyo yaliyolipa sehemu kubwa ya mishahara, shule, hospitali na barabara. Petroli ya bei nafuu ilikuwa sehemu ya mgao huo: raia hakupewa hundi mkononi, alipewa ruzuku kwenye tangi la gari. Pipa lilipopoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani yake, serikali ilipungukiwa na fedha, na mwaka 2016 bajeti ilifungwa ikiwa na nakisi ya takriban riali bilioni 5. Ruzuku ya mafuta ikawa miongoni mwa mambo ya kwanza kukatwa.

Oman haikuwa peke yake. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikwishaacha bei zake zifuate soko tangu Agosti 2015, na Saudi Arabia ilipandisha zake mwishoni mwa mwaka huo huo. Tangu Januari 2016 bei nchini Oman zikawa zinatangazwa kila mwezi, kwa kuangalia soko la dunia.

Hesabu ya mwezi

Ni rahisi kusema kwamba nyongeza ya baisa 26 kwa lita si kitu. Inafaa kuifanyia hesabu.

Tuchukue mfanyakazi anayeendesha kilomita 60 kwenda kazini na 60 kurudi, umbali unaokaribia ule wa kutoka Barka hadi Ghala. Kwa siku 22 za kazi atakuwa amekwenda kilomita 2,640. Gari dogo linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 litahitaji lita 211 hivi. Kwa bei ya zamani ya baisa 114, hizo ni riali 24 kwa mwezi. Kwa bei ya Januari 2016 ni karibu riali 30. Kwa baisa 229, bei iliyofikiwa Oktoba 2021, ni riali 48.

Kima cha chini cha mshahara wa raia wa Oman katika sekta binafsi kiliwekwa kuwa riali 325 mwaka 2013. Kwa anayepata mshahara huo, safari ya kwenda kazini ilipanda kutoka sehemu moja ya kumi na nne ya mapato yake hadi karibu sehemu moja ya saba. Mfanyakazi wa kigeni hakuhusika na kima hicho, na wengi walipata pungufu ya hapo.

Mwenye gari kubwa la magurudumu manne yanayovuta, linalotumia lita 15 kwa kilomita 100, hesabu yake kwa safari hiyo hiyo inafika riali 90. Magari ya namna hiyo yalinunuliwa kwa wingi zama za petroli rahisi, mara nyingi kwa mkopo wa benki wa miaka kadhaa. Aliyetaka kuliuza baada ya 2016 alikuta wenzake nao wanauza.

Walivyokabiliana

Hatua ya kwanza, na iliyokuwa nyepesi kuliko zote, ilikuwa kubadili pampu. Nchini Oman wakati huo petroli iliuzwa hasa kwa daraja mbili. Ya kawaida ilikuwa ikiitwa M90, na mwishoni mwa mwaka 2016 ikawa M91. Ya juu ilikuwa M95. Namba hizo hazielezi nguvu ya petroli, kama inavyodhaniwa na wengi. Zinaeleza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya injini bila kuwaka kabla ya wakati wake. Injini iliyotengenezwa kwa 91 haiendi mbio zaidi wala haidumu zaidi kwa kutiwa 95. Mwenye gari anachotakiwa ni kusoma maandishi yaliyo ndani ya kifuniko cha tangi au kitabu cha gari. Waliokuwa wakinunua daraja la juu kwa fahari tu waligundua kuwa walikuwa wakilipa zaidi bila sababu. Wenye magari yanayohitaji 95 kweli kweli hawakuwa na hiari, kwani kutia daraja la chini huweza kuigharimu injini kwa fundi.

Ya pili ilikuwa foleni ya mwisho wa mwezi. Bei mpya ikitangazwa kuwa itapanda, madereva walikimbilia sheli usiku wa mwisho wajaze matangi. (Waliokulia Tanzania wanakiita kituo chochote cha mafuta “sheli”, hata kama ni cha kampuni nyingine, na wapo waliohama na neno hilo hadi Oman, ambako kampuni yenye jina hilo nayo ipo.) Faida ya foleni hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tangi la lita 50, bei ikipanda kwa baisa 6, huokoa baisa 300. Gari likisimama nusu saa kwenye foleni huku kiyoyozi kikivuma, sehemu ya akiba hiyo imeshaungua papo hapo.

Mafundi wa Ghala nao walikuwa na la kusema, na katika jambo hili maneno ya fundi yanastahili kusikilizwa kuliko ya muuza dawa za kupunguza ulaji wa mafuta. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huzuia gari na kulifanya linywe zaidi. Chujio la hewa lililojaa vumbi, jambo la kawaida katika nchi ya jangwa, hufanya vivyo hivyo kwa magari ya zamani. Mwendo una athari kubwa zaidi: gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa katika barabara kuu hutumia mafuta mengi zaidi kuliko linalokwenda 90, kwa sababu ukinzani wa hewa huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Kiyoyozi hula mafuta pia, lakini kumshauri mtu akizime mwezi wa Juni mjini Muscat ni ushauri wa mtu asiyewahi kufika huko.

Kulikuwa pia na basi. Miezi miwili kabla ya bei kupanda, Novemba 2015, kampuni ya taifa ya usafiri ilianza upya chini ya jina la Mwasalat, na mabasi yake mekundu yakaanza kupita katika barabara ya Sultan Qaboos kutoka Ruwi hadi Mabela. Nauli ilikuwa kati ya baisa 200 na 500. Kwa wafanyakazi wa ofisini wa kutoka Asia na Afrika Mashariki, ambao wengi hawakuwa na magari, huo ulikuwa ukombozi. Kwa fundi au mlinzi wa bohari aliyeko ndani ya Ghala, basi lilitatua nusu ya tatizo. Lilimfikisha barabara kuu. Kutoka hapo hadi mahali pa kazi zilibaki kilomita mbili tatu za jua kali, na teksi kwa safari hiyo fupi ilimaliza alichokiokoa.

Ndiyo maana njia iliyofanya kazi zaidi ilikuwa ile ya kale: kupanda pamoja. Majirani wanaofanya kazi upande mmoja walianza kupeana zamu, wiki hii gari la huyu, wiki ijayo la yule. Watu wanne wakitumia gari moja, zile riali 48 zinakuwa 12 kwa kila mmoja. Katika familia, safari zilikusanywa: kumpeleka mtoto skuli, kupita sokoni na kumtazama mgonjwa vikawa safari moja badala ya tatu. Mazoea mengine yalikuwa magumu kuyaacha. Kwenda kuwaamkia wazee siku ya Ijumaa, mathalani, ni wajibu ambao mtu hautii katika mizani ya lita.

Madereva wa teksi walikuwa katika hali ngumu zaidi. Udereva wa teksi Oman ni kazi ya raia, na wakati huo magari yale ya rangi ya chungwa na nyeupe yalikuwa hayana mita. Nauli ilikuwa ya kuelewana. Abiria aliyezoea kulipa kiasi fulani kutoka Ghala hadi Ruwi hakukubali kuongeza kwa sababu tu petroli imepanda. Dereva alibaki na hiari mbili, kulipa tofauti kutoka mfukoni mwake au kungoja gari lijae. Wavuvi wanaotumia mashua za mashine za petroli walikumbwa na jambo lilo hilo, na kwao hakuna kupanda basi.

Ruzuku yarudi kwa mlango mwingine

Bei ilizidi kupanda, na manung'uniko nayo yakapanda. Februari 2017 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba M91 isizidi baisa 186 kwa muda, hadi utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo ukamilike. Utaratibu huo, uliopewa jina la Mfumo wa Taifa wa Ruzuku, ulianza kutumika mwanzoni mwa 2018. Raia wa Oman mwenye kipato kisichozidi riali 600 kwa mwezi aliweza kununua lita 200 za M91 kwa baisa 180 kila moja, kwa kadi maalumu. Baadaye kikomo cha kipato kilipandishwa hadi riali 950. Wenye mashua za uvuvi nao waliingizwa.

Lita 200 zinakaribia sana zile 211 za mfanyakazi wa Barka katika hesabu ya hapo juu. Kwa mtu wa aina hiyo mpango ulifaa. Ulimwacha nje mfanyakazi wa kigeni, hata yule aliyekaa nchini miaka ishirini, na katika nyumba za Waswahili wa Muscat mstari huo ulipita katikati ya ukoo. Wapo Waomani waliozaliwa Unguja, Pemba au Mombasa, au ambao wazazi wao walizaliwa huko na kurejea Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na hasa baada ya 1970. Hao ni raia. Na wapo binamu zao waliokuja miaka ya karibuni kwa mikataba ya kazi wakiwa na pasipoti za Tanzania au Kenya. Mezani hula sinia moja. Kwenye pampu walilipa bei mbili.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Novemba 2021. Sultan Haitham bin Tariq, aliyemrithi Sultan Qaboos Januari 2020, aliagiza bei zisivuke kiwango cha Oktoba 2021: baisa 229 kwa M91, 239 kwa M95 na 258 kwa dizeli. Miezi michache baadaye Urusi iliivamia Ukraine, na Machi 2022 pipa la mafuta likapita dola 120. Vituoni mjini Muscat bei haikusogea. Serikali iliyokuwa ikiuza mafuta ghafi kwa bei hiyo iliweza kuubeba mzigo, na mwaka huo bajeti ya Oman ilikuwa na ziada. Kikomo hicho kiliendelea kutumika mwaka 2023, 2024 na 2025.

Ng'ambo ya pili ya bahari

Huko Afrika Mashariki mambo yalikuwa kinyume. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na kile cha Dar es Salaam kilikwishaacha zamani zaidi. Petroli yote huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa, sehemu kubwa kutoka Ghuba. Mwaka 2023 Kenya iliingia mkataba wa kununua kwa mkopo kutoka kampuni za Saudi Arabia na za Falme za Kiarabu, kwa sababu dola zilikuwa adimu Nairobi.

Agosti 2022 bei kikomo ya petroli mjini Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, licha ya serikali kutoa ruzuku. Nairobi, Septemba 2023, lita ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza ikawa 211.64, baada ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai. Nauli za daladala, matatu na bodaboda zilifuata, na baada yake unga, mchele na samaki.

Hapo ndipo familia yenye mguu mmoja Ghala na mwingine Unguja inapobanwa. Mafuta ghafi yakiwa rahisi, aliyeko Oman huumia: ruzuku hukatwa, mishahara husimama, miradi huahirishwa na wageni ndio wa kwanza kupunguzwa kazini. Yakiwa ghali, yeye hupata ahueni, na ndipo simu kutoka nyumbani huanza kulia. Tofauti ya riali 24, ile iliyoongezeka katika safari ya mwezi ya mfanyakazi wetu tangu zama za baisa 114, mwaka 2022 ilikuwa sawa na zaidi ya shilingi 140,000 za Tanzania. Fedha hizo huko hutosha kununua chakula cha siku kadhaa. Hapa zilishaungua kati ya Barka na Ghala.

Wanaotuma fedha wamejifunza kalenda tatu. Oman hutangaza bei zake mwezi mmoja unapomalizika na mwingine kuanza. Tanzania Bara, mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Zanzibar ina mamlaka yake, ZURA. Kenya, mamlaka ya EPRA hutangaza tarehe 14, na bei huanza usiku huo huo. Wapo wanaongoja tarehe hizo zipite kabla ya kuamua watume kiasi gani.